Kengele ya Malai

Mashine ya kutenga malai ilikazwa kwa skrubu nne
kwenye meza ya jikoni, kule Haanja, kusini mwa Estonia.
Ndani ya mkono wake wa kuzungushia
ilikaa kengele, ndogo kama njegere.
Ukizungusha polepole husema: ti.
Ti. Ti. Kila mzunguko, ti.
Ukifika sitini kwa dakika, hunyamaza:
kasi imembana ulimi ukutani,
hana tena pa kuangukia.

Basi kimya ndicho kilikuwa kipimo.
Hapakuwa na mshale, wala namba, wala kioo.
Mama yangu Helju, zizini, na ndoo ya pili,
alijua kwa sikio mkono wangu umechoka lini.
“Aivar! Inaongea!”
Nami naongeza, bega linawaka,
mtoto wa miaka tisa, maziwa ya ng'ombe watatu.

Nikaichukia, mbea yule wa shaba.
Jumatano moja nikaiziba kwa nta ya mshumaa.
Lo, raha! Nikazungusha kama akorogaye uji wa mgonjwa,
nikahesabu mbayuwayu dirishani,
hakuna aliyeniita.
Bomba la malai likatoa uzi mwembamba;
lile la maziwa matupu likanenepa, likapata rangi.
Jioni Mama alichovya kidole, akalamba, akanitazama.
Hakuuliza.
Alichomoa pini nyweleni,
akaichokoa nta chembe kwa chembe
na kuniwekea kiganjani, kama chenji.

Leo napima mitambo ya umeme huko Narva.
Mhimili mnene kuliko fahali, mizunguko elfu tatu kwa dakika,
na takometa yangu yatosha mfukoni.
Nabandika kipande cha utepe wa kung'aa,
naelekeza nukta nyekundu,
mwanga unaenda, unarudi, unahesabiwa.
Sikio halitakiwi. Tunaliziba kwa sponji ya manjano,
na kila nikiziba
nanusa nta.

Februari, feni ya tanuru la nne
ilisoma elfu moja mia tisa na themanini.
Mota yake haijapata kuvuka elfu moja
tangu ilipofungwa.
Rasmus, kijana ninayemfundisha, alikwisha kuandika ile elfu moja.
Nikamshika kalamu. Zima, nikasema.
Tukangoja dakika kumi na moja feni ife,
maana kitu kizito hakifi mara moja.
Tukafuta masizi kwa kitambaa:
upande wa pili wa mhimili palikuwa na utepe mwingine,
wa fundi fulani aliyestaafu,
unang'aa chini ya grisi kama jicho la samaki.
Kila mzunguko ulijibu mara mbili.
Chombo hakikusema uongo.
Kilihesabu kilichoonyeshwa.

Rasmus aliubandua kwa ukucha, akaniuliza nilijuaje.
“Hesabu ya mota,” nikajibu, na ni kweli,
mia tisa na tisini, gawa mwenyewe.

Sikumwambia kwamba kabla ya hesabu
nilichomoa sponji moja
nikausikiliza ule mngurumo, mzito, usio na haraka yoyote,
huku ngumi yangu ya kulia, ndani ya mfuko wa koti,
ikizunguka yenyewe,
sitini kwa dakika,
au labda hamsini na nane.