Gazeti la Jumanne

Jutland, mwezi wa pili. Nje theluji,
ndani joto la taa nyekundu, na harufu
inayomfuata Lesia hadi kitandani, hadi kwenye chai.

Namba 4417 hana jina. Ana kizimba cha chuma
kilichoshonwa kwa kipimo chake, bila akiba ya pindo:
kulala anaweza, kusimama anaweza,
kugeuka, hapana.

Usiku huu atazaa. Anajua.
Tangu mchana anakwangua saruji kwa pua,
anavuta mabua yasiyokuwepo,
anayapanga, anayapanga upya,
anatandika kitanda cha hewa.

"Mazoea tu hayo," husema bwana Aksel.
Si mtu mbaya. Hachelewishi mshahara,
na koti hili ni yeye aliyelinunua.

Saa tisa usiku Lesia akachomoa gazeti mfukoni,
akalipenyeza kati ya vyuma.
Nguruwe akanusa. Akatulia.
Kisha akalichana taratibu, ukurasa kwa ukurasa,
kama mama akunjaye nepi:
michezo, vifo, hali ya hewa,
bei ya nyama ya nguruwe,
vyote akavirundika chini ya kidevu.

Watoto kumi na sita. Chuchu kumi na nne.
Lesia alihesabu mara mbili.

Asubuhi mpira wa maji ukazisukuma karatasi
kwenye mianya ya sakafu, chini, kwenye shimo la kinyesi.
"Nani kaleta uchafu huu?"

Lesia alikuwa ameinama, anafunga kamba za viatu.
Alizifunga kwa muda mrefu.