Swali la Kipa

Nilikuwa nyuma ya kamera, Saimi, usiku ule wa Kuopio,
kwenye ujia mwembamba uliotandikwa mpira mweusi
ambapo wachezaji hupita na viatu vyao vya chuma
wakinuka glavu mbichi na jasho la siku tatu.
Ulikuwa na swali moja. Nalikumbuka
kwa kuwa ulilifanyia mazoezi garini
tangu Jyväskylä, theluji ikitupiga kiooni:
kwa nini kocha alimtoa kipa
zikiwa zimebaki dakika nne, si mbili?
Swali la mtu aliyehesabu.

Akaja Jere Vuolle, taulo shingoni,
jino la mbele halipo, mabao mawili ya mwishomwisho,
nchi nzima ikimngoja apumue.
Ukauliza.
Akakutazama kuanzia kofia hadi buti
kama mtu anayekagua gari la mtumba,
akainama kwenye sponji ya kipaza sauti chako:
"Kwa macho hayo nitasahau hata matokeo.
Leo unakula na nani?"

Ukacheka.
Hapana. Magazeti ndiyo yaliyosema ulicheka.
Mimi nilikuwa hatua mbili, niliona:
midomo ilifunguka, ikatafuta pa kwenda, ikarudi.
Ulikishika kipaza sauti
kama ashikavyo reli mtu anayeshuka ngazi zenye barafu.

Ukauliza tena. Kipa. Dakika nne.
"Unanukia," akasema. "Usione haya."

Sikioni mwangu, kutoka studio ya Helsinki,
wanaume watatu wenye tai walikuwa wakipaliwa na kicheko,
na sauti ya mwongozaji, tulivu kama ya daktari wa meno:
"Msogelee, Onni. Nataka mashavu. Yakiiva, baki hapo hapo."

Nikasogea.

Kidole kilichozungusha lenzi kilikuwa changu, si cha Vuolle.
Wewe ulitafuta jibu, mimi nikatafuta haya usoni pako,
na ile baridi ya hasi ishirini na moja
ilishayapaka mashavu yako wekundu
tangu tulipokuwa tukishusha vifaa.
Niliwauzia baridi. Wakainunua kwa bei ya mapenzi.

Kulipokucha, sekunde kumi na tisa. Swali limekatwa.
Muuza kahawa wa kituo cha mafuta, Hankasalmi,
akakunong'onea, "Kumbe ndiye wewe!"
Mama akapiga simu kutoka Kemijärvi
kuuliza ulikuwa umevaa nini.
Jaketi la kampuni, Mama. Zipu hadi kidevuni.
Klabu ikatoa taarifa ya mistari miwili: mzaha tu.
Mzaha, mzaha, na usaha ukatumbukia kwako.

Nami nilikwambia nini? Tulipopita Suonenjoki
nilisema, "Angalau hakukugusa."
Ukazima redio.
Kilomita tisini, vifutio vya kioo peke yao vikazungumza.

Februari, ujia ule ule, Vuolle yule yule.
Hukubadilisha hata neno. Kipa, dakika nne.
Akatabasamu kwa lile pengo: "Kumbe hujanisa—"

Nikaigeuza kamera.
Nikawaonyesha uwanja mtupu, na mzee Taisto
juu ya gari lake la kulainisha barafu,
akiacha nyuma yake utepe wa maji unaong'aa.
"Onni! Uso! Rudi usoni!"
Nikabaki na Taisto. Akapinda kona. Akajikuna sikio.
Pembeni nikamsikia Vuolle akitafuta hadhira yake
na sauti yake ikinywea, ikinywea,
hadi ikawa ya kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyechoka.
Ndipo akajibu.

Mahojiano hayakurushwa. Hayakuwa na picha.
Ulipofungua mlango wa gari ulinitazama kwa muda mrefu,
ukasema, "Siku nyingine, Onni, mwambie yeye.
Usiniondoe mimi kwenye kazi yangu."

Jibu limo kwenye daftari lako, kwa penseli,
kwa sababu wino huganda kule:
goti la kipa lilikuwa limevimba tangu kipindi cha pili,
na kocha hakutaka mtu ajue.
Hilo tu. Miezi miwili, kwa ajili ya goti.