Kifutio

Saa mbili usiku. Daktari Odipo ameondoka,
kaacha taa na ubao uliojaa:
duara, mshale, neno MKATABA
limepigiwa mstari mara mbili,
na chini yake: *kila raia alikubali*.

Nashika kifutio.
Mkataba wangu mimi ni wa miezi mitatu.
Niliutia sahihi nimesimama, juu ya mgongo wa Mumbua,
kwa kalamu ya kuazima,
msimamizi akihimiza: upesi, wengine wako getini.
Hatukufika ukurasa wa pili.

Huu wa Daktari, uliandikwa lini?
Siku hiyo nilikuwa wapi?
Labda foleni ya maji, Mukuru,
mtungi shilingi ishirini,
na huko Karen bomba linanyweshea nyasi,
nazo nyasi hazijui bei.
Au labda mama alikuwa leba, Pumwani,
wawili kitanda kimoja,
nikatoka nazo haki zangu zote
zikakatwa pamoja na kitovu.

*Akili ni mwanga*, ameandika pembeni.
Sibishi. Kwetu mwanga ni wa tokeni;
ikiisha, twafikiri gizani,
na twafikiri sana.

Nimefuta duara. Nimefuta mshale.
MKATABA limekataa kutoka.
Nikalowesha kitambaa, nikasugua
hadi ubao ukawa mweusi, mtupu,
kama ambao haujawahi kuandikwa kitu.

Getini askari anapekua mfuko wangu:
leso, kopo la chakula, ndala.
Haangalii mkono wa ovaroli,
chaki ilipolala, nyeupe,
hadi kwenye kiwiko.