Meno

Cirhuza ananigeuzia tairi kama mtu auzaye ng'ombe.
"Papa, tia kidole. Kisukume."
Kidole kinazama hadi pingili ya kwanza
na bado hakijagusa chini.
Hapa Nyawera, kati ya simenti na mabati,
harufu ya mpira mpya imefunika hata harufu ya mvua.

Zangu ni vipara.
Mwanangu Asifiwe huzipapasa na kusema
ni kichwa cha padri.

"Hizi zinakula mafuta," namwambia Cirhuza.
"Zinakula," anakubali, hana haya.
"Na juu ya lami zinanguruma,
utadhani umebeba mizinga ya nyuki."
"Lami ipi?" anauliza,
na duka zima linacheka,
hata yule aliyekuja kununua balbu.

Sikucheka sana.
Nilikuwa nimerudi kule, mbele ya Burhale,
Machi, mvua ya siku ya nne,
na tairi nilizouziwa kuwa ni za njia zote.
Njia zote isipokuwa ile moja ninayopita.
Meno yake yamebanana, matope yakaingia yakalala,
gurudumu likawa laini kama chungu
kinachozunguka mikononi mwa mfinyanzi:
linazunguka, linazunguka, linang'aa,
halitoki hapo.

Nyuma yangu alikaa muuguzi Wabiwa
na sanduku la chanjo mapajani.
Hakulalamika. Alikuwa anahesabu saa.
Vijana wa kijiji walileta majembe, matawi, kamba,
wakaleta na bei yao.
Siku ya tatu akafungua kifuniko, akatazama,
akamwaga barafu iliyokuwa barafu
pembeni mwa njia, taratibu,
kama anayemwogesha mtu.
Hakuna aliyenilaumu.
Hilo ndilo sijaweza kulitua.

Kwa hiyo natazama nafasi, si meno.
Meno hata mbwa anayo.
Naangalia pengo kati ya jino na jino,
kama tope likiingia litapata mlango wa kutokea.
Pengo hili ni pana. Naweza kulaza kidole gumba.
Naipiga tairi ngumi ubavuni:
inanijibu kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

"Moja mia mbili thelathini. Dola, tena zisizochanika."
Nne ni mia tisa ishirini.
Mfukoni nina mia nne themanini,
na ishirini kati ya hizo ni za fundi.
Mbili, basi.

Hapo duka likagawanyika.
Mwenye balbu: ziweke mbele, ndiko kwenye usukani,
wa mbele ndiye anayeona shimo.
Cirhuza: nyuma, ndiko uliko mzigo,
mbele itafuata inakosukumwa.
Mwingine akasema mbili kwa mbili ni ndoa ya kulazimishana,
heri usubiri mpaka zitimie nne.
Nimesubiri. Mvua haisubiri nami.
"Nyuma," nikasema,
na sina hakika hadi sasa.

Fundi akazifunga kwa kubana midomo,
akaniambia nikifika Burhale nipunguze upepo,
tairi ilegee kidogo, iikumbatie njia,
nikirudi mjini niijaze tena.
Nikapanda Kadutu, zikinguruma kweli,
watu wakigeuka kutafuta lori.
Nsimire alikuwa mlangoni kabla sijazima injini.
Akalizunguka gari mara moja,
vipara mbele, meno nyuma.
"Limebakiwa na magego," akasema.
"Ndiyo yanayotafuna."
Hakuuliza pesa za mabati.
Ndani, sufuria ile ile ilikuwa chini ya tundu lile lile,
ikipokea tone, tone.

Kesho saa kumi na moja alfajiri
Wabiwa atakuwa getini na sanduku lake.
Sijamwambia ni mbili tu.

Asifiwe amechuchumaa nyuma ya gari
anang'oa vile vinywele vya mpira
ambavyo tairi mpya huzaliwa navyo,
kimoja kimoja, anavipanga kiganjani.
Acha, namwambia, njoo ule.
Barabara itavinyoa yenyewe.