Kilo Kumi na Saba

Spika mbili zinanifika kiunoni,
mbao halisi, si zile za kubandika,
nilizinunua mnadani, shamba la mkonge, Lindi,
meneja alipofunga virago mwaka wa themanini na moja.
Zilipanda Newala juu ya magunia ya chumvi.
Amplifaya yake ya kwanza ilikufa kwa radi,
na tangu hapo zimebeba taa, mtungi,
na mtetea mmoja aliyeona pale panafaa kutagia.

Sasa kiinua mgongo kimeingia,
na korosho mwaka huu hazikunyeshewa.
Nikasema: zitanena.
Somoe akanitazama
kama mtu aliyesikia mumewe anataka kufuga punda chumbani.

Mpwa wangu Chilumba akaja na boksi.
"Wati elfu tatu, mjomba!"
Kweli, limeandikwa hivyo, kwa herufi nyekundu.
Nikalinyanyua kwa mkono mmoja.
Tukaliunga. Taa za buluu zikacheza kama za harusini,
na sauti ikatoka. Hapana, haikutoka:
ilikwaruza, kama shahidi mwenye mwiba wa samaki kooni.
Nikazima kabla vile vispika vya juu havijaungua.

Mimi nimeendesha pampu Mitema miaka thelathini na mbili.
Maji yako chini bondeni, Newala iko juu,
na juu hakusogei.
Nimeletewa pampu ndogo zenye vyeti vikubwa:
inafika nusu ya mlima, inalia, inatetemeka, inanuka,
kesho yake tunaandika barua ya kuomba nyingine.
Watu hudhani kinachoua ni nguvu.
Nilivyovizika mimi, vyote,
vilikuwa vidogo vilivyolazimishwa kupiga kelele.
Na spika hizi ni mlima. Omu nne,
zikifika kwenye besi hata tatu hazifiki.

Nikashuka Masasi kwa fundi Hokororo.
Hakuniuliza nataka wati ngapi.
Aliuliza chumba kina hatua ngapi,
sakafu ni saruji au udongo,
na mkeo, anasikia vizuri?
Nikamwambia sikio la kushoto limekwenda.
Akashusha tatu kutoka rafuni, akazifuta kwa shati lake,
tukazibeba hadi ghala la korosho,
kwenye mizani ileile iliyotuibia misimu mingapi,
ila siku hiyo haikuwa na sababu ya kusema uongo.

Kilo nne.
Kilo tisa na robo.
Kilo kumi na saba,
na mpimaji akauliza kama tumetia mawe.

"Transfoma," akasema Hokororo. "Shaba na chuma.
Wino ni rahisi, baba. Shaba ndiyo ghali."
Hiyo nzito imeandikwa wati themanini tu,
nyuma, kwa herufi za kutafutia miwani.
Chilumba akaicheka ile themanini mpaka akakohoa.
Nikalipa laki nne na nusu,
nikaomba fyuzi mbili za akiba,
kwa kuwa umeme wetu mnaujua.
Njia nzima ya kupanda nimeipakata, mapaja yakafa ganzi.

Usiku nikafungua kidogo, robo ya kitufe.
Kanda ya zamani, bendi iliyopita Ndanda siku moja,
jina lake limefutwa na jasho la vidole vyangu.
Besi ikaja kwa miguu.
Haikugonga mlango, ilikuwa imeshakaa.
Debe tupu haliachi kutika; hili zito
halikutika, halikupata moto,
robo tatu ya nguvu yake imelala humo ndani,
na hiyo iliyolala ndiyo niliyoilipia.

Somoe akatoka jikoni, mikono ina unga wa muhogo,
akaweka kiganja juu ya mbao.
Akakaa hivyo wimbo mzima.
"Niongeze?" nikamuuliza, upande wa kulia.
Akatikisa kichwa.
"Yumo mtu humu," akasema, "na hana haraka."

Vidole vitano vya unga viko pale hadi leo.
Mtetea alirudi asubuhi, akasimama, akasikiliza,
akahamia kapuni.