Ngazi ya Nyuma

Ramani ya Bi Quilligan imelala mezani,
pembe zake tumezigandamiza kwa chupa ya maziwa
na kiatu cha Lonán.
Nyumba ina miaka mia moja thelathini na kitu,
mtaa wa mteremko, mjini Cork,
ambako mvua haibishi hodi.

Vyumba kumi na kimoja, kila kimoja kimemnunia jirani yake:
chumba cha kulia hakitaki kuonana na jiko,
jiko limefichwa nyuma kama aibu ya ukoo,
na sebule ya mbele, yenye maua ya plasta darini,
ina baridi hata Julai. Twaanikia soksi humo.

Sisi tu watu watano na mbwa.
Tulichotaka si kikubwa:
Nessa afanye hesabu zake huku nakaanga vitunguu,
Fiachra azungumze na mabosi wake kwenye kompyuta
bila mtoto kukatiza nyuma yake na chupi kichwani,
na shangazi Gobnait, miaka tisini na mmoja,
aingie kila mahali na kiti chake cha magurudumu,
asiegeshwe ukumbini kama baiskeli.

Mstari mwekundu: ukuta huu uvunjwe.
Mstari wa buluu: dirisha lishuke, liwe mlango.
Na nyuma ya jiko, alama ndogo ya penseli:
ngazi ya nyuma iondoke, pawe bafu la shangazi.

Hapo nikagoma.
Ngazi nyembamba kama koo la chupa,
vidato vilivyolika katikati, laini kama kijiko cha zamani!
Nikasema, bafu hujengwa popote,
hii tukiivunja haizaliwi tena.
Fiachra akasema, historia haiogi.
Tukanuniana wiki mbili, sisi na vyumba vyetu.
Fundi Zbigniew akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole,
akausikiliza kama daktari,
akafunga sanduku lake:
mkipatana niiteni, kuna paa linanisubiri.

Mwenye bafu hatukumuuliza.
Akajisukuma mwenyewe hadi chini ya ngazi,
akaweka kiganja ukutani.
“Kumi na tisa,” akasema. Hakuwa amehesabu.

Yake ilikuwa nyumba nyingine, ng'ambo ya mto,
mjenzi mmoja, ngazi ileile.
Alikuwa na miaka kumi na minne.
Makaa juu, majivu chini,
na vyungu vya mikojo ya watu vimefunikwa kitambaa.
“Ukisikia kikohozi cha binti wa nyumba
unarudi kinyumenyume na ndoo yako,
asije akajua kwamba moto una mikono.
Hapo katikati unapopasifia, mwanangu,
hapakuchongwa. Ni miguu ya wasichana.
Vunjeni. Kisha nipeni maji ya moto papo hapo.”

Wahenga walisema nyumba njema si mlango,
fungua uingie ndani.
Hawakusema uingie kwa mlango upi.

Jumatatu Zbigniew akaanza na kidato cha juu.
Chini ya cha saba tukakuta pini ya nywele
na kokwa ya tunda, plamu labda,
iliyonyonywa hadi ikang'aa.
Gobnait akaishika kwenye mwanga.
“Mwizi,” akacheka. “Mungu amrehemu.”

Sasa ukuta haupo.
Harufu ya vitunguu hufika hadi kwenye mashuka,
na Nessa analalamika kwamba hakuna tena
mahali pa kulilia.
Sina jibu. Nimempa funguo za sebule ya soksi.

Kidato kimoja nilikiiba.
Nilimhonga Zbigniew keki, akakipigilia misumari
ukutani mwa bafu, kando ya beseni,
nikidhani lile bonde la katikati litakalia sabuni vizuri.
Shangazi alikitazama kitambo.
Akanitazama mimi.
Kisha akavua meno yake ya bandia,
yakitiririka maji,
akayalaza humo.