Kioo Kilichokufa

Muuzaji ananiuliza mimi: "Anapenda rangi gani?"
Dada yangu Sechelela yupo hapa hapa, mkono juu ya kaunta.
"Muulize mwenyewe," nasema.
Anapaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya reli:
"DADA! UNAPENDA RANGI GANI?"
"Ile inayozungumza," Sechelela anajibu.

Duka liko nyuma ya soko la Majengo,
vumbi la Julai limeingia hadi kwenye meno.
Tumetoka Hombolo alfajiri, fedha za zabibu
zimefungwa pindoni mwa kitenge chake: laki tano kasoro,
kila fungu kalikunja namna yake ili alijue.

Analetewa kwanza ile mpya, nyembamba kama chapati,
kioo cha kugusa, kitufe hata kimoja hakina.
Anaipapasa kona hadi kona.
"Laini," anasema, "kama kipara cha mchungaji.
Mlango uko wapi?"
Muuzaji anataja inchi, anasifia picha zinavyong'aa.
Sechelela anamwacha amalize.

Ya pili ina vitufe, lakini vimelala.
Anatafuta vile vinundu viwili, cha F na cha J,
vidogo kuliko punje ya uwele.
Alianza na nukta sita, shule ya bweni,
akitoboa karatasi ngumu kutoka kulia kwenda kushoto,
mwalimu Ndahani akimwambia: kidole hakidanganywi.
Vinundu havipo. Vimelika.
"Hii wamechoka nayo wengine," anasema, anairudisha.

"Ile ya pembeni ni mbovu. Ya bwana mmoja wa wizarani,
ilianguka kwenye ngazi, kioo kikafa. Nimeiweka ya spea."
"Iwashe."
"Dada, haionyeshi kitu."
"Nimekuomba ionyeshe?"

Anachomeka visikilizio, anachomeka flashi
aliyopewa na mwenzake wa bweni, ina programu ya kusoma skrini,
ile isiyolipiwa. Anashikilia hiki, anabonyeza kile.
Ananipa sikio moja nisikie:
mwanamume wa bati, Kiswahili chake kimemeza kokoto.
Anaandika jina lake. "Sekelela," inasema mashine.
Anacheka. Analiandika upya kwa herufi za uongo
mpaka mashine inalitamka kama mama alivyolitamka.
Kisha anaongeza mwendo, anaongeza tena,
na mimi nasikia nyuki tu.
Yeye anaitikia kwa kichwa. Anaelewa kila neno.

Muuzaji ameuona uso wake. "Laki nne."
"Ya spea?"
"Si imewaka?"
Ananitazama nimsaidie. Nami natazama feni.
Laki mbili na nusu, na chaja juu yake.

Tukiwa mlangoni anageuka:
"Na ile mashine inayosoma karatasi, ni bei gani?"
"Skana? Laki tatu, dada."
Anapapasa pindo, anahesabu mikunjo iliyobaki.
"Basi nitarudi na zabibu za Septemba."

Hapo ndipo miguu yangu inapopata uzito.
Kwa miaka kumi na sita nimemsomea barua zake,
za benki, za hospitali, za yule kijana wa Kondoa.
Ile ya mwisho ya Kondoa niliruka mistari minne.
Mama alikuwa amesimama mlangoni, akitikisa kichwa,
nami nikasoma salamu, nikakunja.
Zote amezitunza, kwenye kopo la biskuti, chini ya kitanda.

Kituoni, tukisubiri gari, tayari anaandika.
Nachungulia kwa mazoea:
weusi, ufa mmoja mrefu, na sura yangu imekatwa vipande viwili.
"Unaandika nini?"
"Barua."
"Kwa nani?"
Vidole vyake havisimami.

Leo ni tarehe ishirini na tatu, mwezi wa saba.
Kule Hombolo, mizabibu inaanza kushika.